Kanzu nyeupe zinageuka njano, na jiki inazidisha

"Assalam aleikum. Niko Unguja, tunatumia maji ya kisima yanayopandishwa na pampu hadi kwenye tangi. Mume wangu ana kanzu sita nyeupe, mbili za pamba na nne za tetroni. Zote zimeingia umanjano shingoni na kwapani, na siku hizi hata mwili mzima wa kanzu umefifia. Kila Alhamisi naziroweka kwenye jiki usiku kucha, nusu kikombe kwa ndoo. Nikizitoa naona zimezidi, na nikizipiga pasi ndiyo zinaiva kabisa. Mitandio ya shule ya mabinti nayo ni hivyo hivyo. Kanzu moja ina vidoa vya kutu mgongoni. Jirani ananiambia nichanganye jiki na ndimu, mwengine anasema niache jiki nitie bluu tu. Nifanye nini, au ndiyo nguo zimekwisha?"

Waalaikum salaam, dada. Nianze na la jirani wa kwanza, maana hilo halingoji: jiki na ndimu visikutane kwenye ndoo moja, wala kwenye nguo moja ambayo haijasuuzwa. Jiki ni klorini iliyotulizwa ndani ya maji yenye alkali. Ukiitia asidi, iwe ndimu, siki au dawa ya kusafishia choo, ule utulivu unavunjika na klorini inatoka kama gesi, inachoma macho, koo na mapafu. Kwenye bafu lisilo na dirisha inakuwa balaa. Mkojo nao una hatari yake: nepi za mtoto zilizolowa zikitumbukizwa kwenye jiki kabla ya kusuuzwa hutoa gesi nyengine ya kukaba, kutokana na amonia. Ikitokea bahati mbaya, acha kila kitu hapo hapo, toka nje penye upepo, osha macho kwa maji mengi. Kikohozi, kubanwa kifua au pumzi fupi vikiendelea, nenda hospitali usiku huo huo. Madhara ya mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baada ya mtu kudhani amepona.

Sasa kanzu. Nyingi hazijakwisha. Ila unauliza kama kwamba umanjano ni kitu kimoja, na hapo ndipo kila mtu anapotea. Nguo zako zina umanjano wa aina tatu, na kila aina ina chanzo chake: ule uliotapakaa mwili mzima, ule wa shingoni na kwapani, na vidoa vya kutu. Jiki haitibu hata mmoja kati ya hiyo mitatu, na yote inaichochea.

Tuanze na uliotapakaa. Maji ya kisima mara nyingi hubeba madini ya chuma yaliyoyeyuka. Yakiwa yameyeyuka hivyo huyaoni: maji yanatoka meupe, unayanywa, unapikia. Chuma hicho kinaweza kutoka ardhini, na kinaweza kutoka kwenye bomba la zamani, kiungo cha pampu au tangi la bati lililoanza kuliwa. Klorini ni kitu kinachooksidisha kwa nguvu. Ikikutana na chuma kilichoyeyuka inakigeuza kuwa kutu papo hapo, na kutu haiyeyuki majini. Inatafuta pa kukaa, na ndani ya ndoo kuna nini zaidi ya kanzu? Kwa hiyo kila Alhamisi, usiku kucha, ulikuwa unazipaka kanzu kutu nyembamba iliyosambaa sawasawa. Ndiyo maana zinatoka njano kuliko zilivyoingia.

Usinitegemee mimi kwa hilo, jaribu mwenyewe. Chukua ndoo nyeupe au bakuli jeupe, tia maji ya kisima lita moja, na pembeni weka lita moja ya maji ya mvua au ya chupa. Kila moja litie kijiko kidogo cha jiki, koroga, acha nusu saa. Kisha weka karatasi nyeupe nyuma au tazama kwa juu penye mwanga. Maji ya kisima yakigeuka rangi ya chai nyepesi, au yakiweka unga wa kahawia chini, umempata mwizi. Yakibaki meupe sawa na yale mengine, chuma si tatizo lako kubwa, na uelekeze macho kwenye hayo mawili yanayofuata.

Ule uliotapakaa una chanzo cha pili: kitambaa chenyewe. Tetroni mara nyingi ni poliesta, uzi wa plastiki, iliyochanganywa na pamba. Poliesta haihitaji klorini kuwa nyeupe. Weupe wake wa dukani, ule unaoelekea kwenye ubuluu kidogo, unatokana kwa sehemu kubwa na dawa ya kung'aza ambayo kiwandani huingizwa kwenye uzi: inanyonya mionzi ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Dawa hizo nyengine huharibiwa na klorini. Ikifa, unachokiona ni rangi halisi ya kitambaa, na hiyo haijawahi kuwa nyeupe pepe. Juu ya hapo, vitambaa vinavyouzwa kwa sifa ya kutokunjamana hupakwa utomvu maalumu, na baadhi ya hizo tomvu hushika klorini na kuing'ang'ania hata baada ya kusuuza. Pasi ikipita, joto linaiachia klorini pamoja na asidi kali ndani ya uzi. Kitambaa kinageuka njano mbele ya macho yako na kinapoteza nguvu. Hiyo ndiyo maana ya neno lako "zinaiva".

Kwa njia, kama hujui kwa hakika ipi ni pamba na ipi ni tetroni, usiamini lebo wala muuzaji. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibano juu ya sinki na uuwashe. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini la kijivu linalopukutika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha shanga ngumu nyeusi. Tetroni inafanya yote mawili: inawaka na kuacha punje ngumu ndani ya jivu.

Tuje kwenye aina ya pili, ule wa shingoni na kwapani, na hapa pana mengi. Jasho lenyewe ni maji na chumvi kidogo, halina rangi ya kutisha. Kinachogeuka njano ni mafuta ya ngozi. Yakiwa mabichi hayaonekani. Yakikaa kwenye hewa na joto yanaoksidika, kama samli inavyochacha, na yanapata rangi. Poliesta inapenda mafuta na haipendi maji, kwa hiyo mafuta yanazama ndani ya uzi na maji ya baridi yanapita juu yake tu. Na pasi ya moto juu ya mafuta yasiyotoka ni sawa na kuyapika. Kwapani kuna la ziada: deodoranti nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za aluminiamu, ambazo zikishikana na jasho na mafuta hufanya gamba gumu, la njano, linaloifanya kwapa ya kanzu isimame kama karatasi. Kwa mitandio ya mabinti, angalia pale inapozunguka uso na juu ya paji. Mafuta ya nazi ya nywele ndiyo yanayofanya kazi hiyo.

Halafu kuna mambo mawili ya kwetu pwani ambayo vitabu vya kufulia vya wengine havina. Mafuta ya uturi yakipakwa juu ya kanzu badala ya kwenye ngozi yanaacha doa la mviringo ambalo siku hiyo halionekani na mwezi wa tatu linajitokeza. Na udi: moshi wa chetezo umebeba matone madogo ya utomvu, ndiyo maana harufu inadumu. Kanzu ikifukizwa karibu mno na chetezo, au ikifukizwa kisha ikakunjwa sandukuni hadi Idi nyengine, utomvu ule unaiva polepole. Sisemi watu waache udi! Fukiza nguo siku ya kuvaa, iwe mbali na chetezo kwa urefu wa mkono, na ukiivua ifuliwe, isirudi kabatini kwa sababu "nimeivaa saa mbili tu".

Kinachoyafunika yote hayo ni ugumu wa maji. Unguja sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo yanayeyusha kalisi. Tia maji ya kisima nusu chupa, kwangua sabuni ya mche kidogo ndani, tikisa. Fanya hivyo hivyo kwa maji ya mvua. Ya mvua yatapanda povu zito. Ya kisima, kama ni magumu, yatatoa povu haba na vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Vile vipande ni sabuni iliyokufa. Havisuuziki vizuri, vinashika kwenye nyuzi, vinabeba uchafu, na baada ya miezi kanzu inakuwa ya kijivu-njano na nzito mkononi. Mtu akiona hivyo anaongeza sabuni, na kumbe anaongeza vipande. Sabuni ya unga inastahimili maji magumu kuliko ya mche, lakini nayo ina kikomo.

Dawa ya ugumu iko jikoni kwako: magadi, yale ya kulainishia maharage. Ndani yake kuna kaboneti ya sodiamu, inayoishika kalisi na kuishusha chini kama unga mweupe. Chagua magadi meupe, maana yale mekundu yana udongo, na udongo una chuma. Yeyusha vijiko viwili vya chakula kwenye maji ya moto, chuja kwa kitambaa, tia kwenye ndoo ya lita 20, koroga, acha yatulie saa moja au usiku mzima. Kisha teka ya juu taratibu, na ule unga wa chini umwage. Ukitia nguo kabla haujatulia, utauhamishia kwenye nguo. Na msimu wa masika usiache maji ya mvua yapotee. Maji hayo ni laini kuliko yoyote utakayoyapata, mradi bati la paa halina kutu. Hata ndoo mbili tu, ukaziweka kwa ajili ya kusuuzia nguo nyeupe, zinaonekana tofauti yake.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mpangilio ni muhimu kuliko dawa: kwanza chuma, halafu mafuta, mwisho rangi. Sababu ya kuanza na chuma ni kwamba dawa za oksijeni zikikuta kutu kwenye uzi huchemka kwa kasi pale pale penye kutu na kuula uzi. Wiki chache baadaye pale palipokuwa na doa panakuwa na tundu.

Suuza kanzu zote kwa maji mengi mara tatu hadi harufu ya jiki iishe kabisa. Hili si la hiari, kwa sababu kinachofuata ni asidi. Tafuta unga wa ndimu, ile asidi ya sitriki nyeupe inayofanana na sukari, maduka ya viungo huwa nayo. Vijiko viwili vya chakula kwenye lita 5 za maji ya vuguvugu, ndani ya beseni la plastiki, si la bati. Maji hayo yawe ya mvua ukiweza. Zamisha kanzu moja au mbili, zifunikwe na maji, saa moja hadi mbili, uzigeuze mara kwa mara. Asidi hii inaishika kutu na kuirudisha kwenye hali ya kuyeyuka, kwa hiyo utaona maji yanaingia rangi ya majani ya chai. Yakiingia rangi, furahi. Mwaga, na rudia kwa maji mapya hadi yabaki meupe. Gamba la aluminiamu la kwapani nalo hulegea kwa asidi hiyo hiyo, ingawa pale utahitaji kusugua kwa brashi laini kwa upande wa ndani.

Vidoa vya kutu mgongoni ni kutu iliyokolea, vinahitaji kushughulikiwa kimoja kimoja. Hapa ndimu ya jirani inapata kazi yake ya halali, bila jiki. Tandaza doa juu ya bakuli lililogeuzwa, kamulia ndimu hadi ilowe, nyunyiza chumvi laini ifunike, weka juani. Jua likikausha, ongeza ndimu. Kinachofanya kazi ni umajimaji, na doa likikauka kazi imesimama. Saa moja au mbili, suuza, tazama. Doa la zamani linataka mara tatu au nne. Usisugue chumvi kama unasugua sufuria, punje zake zinakata uzi. Na kabla hujaanza, tafuta kutu imetoka wapi. Doa la mgongoni, tena katikati, mara nyingi ni waya wa kuanikia au hanga ya chuma iliyochubuka. Ukiiacha, wiki ijayo utarudi hapo hapo.

Baada ya asidi, suuza vizuri, kisha mafuta. Kwa shingo na kwapa, nguo ikiwa imekamuliwa, paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi kali, ipenye kwa vidole, acha dakika 20 hadi 30. Sabuni hiyo imetengenezwa kukata mafuta ya samaki kwenye sahani, mafuta ya shingo hayaishindi. Kisha fua kanzu yote kwa maji ya moto wa kadiri. Kupata joto hilo bila kipimo: kwa kila lita moja ya maji yanayochemka tia lita mbili za maji ya kawaida, utapata kama nyuzi 50. Kwa ndoo ya kawaida ni lita 3 za moto na 6 za kawaida. Mkono unavumilia kwa muda mfupi tu, kwa hiyo tumia mti au vaa glavu. Maji ya baridi hayatoi mafuta kwenye tetroni hata ukifua hadi magharibi. Na usiyatie maji yanayochemka moja kwa moja juu ya tetroni, mikunjo itakayoingia hapo itakushinda kuinyoosha.

Sasa ndiyo rangi. Dawa inayokufaa ni ya oksijeni, si ya klorini. Ni unga mweupe, kiini chake ni sodiamu pakaboneti, na madukani unauzwa kama kiondoa madoa kwa nguo nyeupe na za rangi. Soma pakiti, neno hilo liwemo kati ya la kwanza na la pili kwenye orodha, la sivyo unanunua magadi yenye manukato. Vijiko viwili vya chakula kwenye lita 5 za maji ya nyuzi 50, koroga hadi yayeyuke kabisa, ndipo uzamishe nguo. Saa nne hadi sita, au usiku kucha kwa pamba. Dawa hiyo inatoa povu dogo la oksijeni, hivyo usiifungie kwenye chupa au ndoo yenye kifuniko kikaze, itapasuka. Ukiikosa, duka la dawa lina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3: kikombe kimoja kwenye lita 5 za maji ya vuguvugu pamoja na kijiko kimoja cha magadi yaliyochujwa, saa moja hadi mbili. Kanzu ikiwa na nakshi ya uzi wa rangi shingoni, kwanza lowesha kitambaa cheupe kwa dawa hiyo, kibonyeze juu ya nakshi dakika tano. Kikitoka na rangi, usizamishe kanzu nzima, shughulikia kwapa na shingo ya nyuma pekee.

Suuza mara tatu. Maji ya mwisho, lita 10, unaweza kuyatia vijiko viwili vya siki nyeupe ili iondoe masalia ya alkali na chokaa; nguo inakuwa laini, na haitanuka siki ikikauka. Masalia ya sabuni ni chanzo cha umanjano ambacho watu hawakishuku, maana pasi huyaunguza kimyakimya.

Kuhusu bluu, jirani wa pili hakukosea, ila amekuambia nusu. Bluu haisafishi chochote. Ni chembe za rangi ya buluu zinazokaa juu ya nguo na kulipoza jicho: njano ikipata buluu kidogo inaonekana nyeupe. Kwa pamba safi inapendeza. Juu ya kanzu yenye mafuta na kutu inatoa rangi ya kijani-kijivu, ile unayoiona kwenye mashati ya shule mwisho wa muhula. Itumie mwisho, nguo ikiwa imesuuzika. Funga bluu kwenye kitambaa, itikise majini hadi maji yawe rangi ya mbingu nyepesi kiganjani, zamisha nguo ikiwa imekunjuliwa, dakika mbili, toa. Siku ya bluu acha siki, kwa sababu bluu ya unga ya kawaida huvunjwa na asidi.

Je, jiki itupwe? La. Jiki ni bora kuliko dawa zote kwa jambo moja la pwani: kawa, vile vidoa vyeusi kama vumbi la pilipili manga vinavyotokea nguo ikikunjwa mbichi. Kwa pamba tupu, nyeupe, baada ya kupita ule mtihani wa maji, au kwa kutumia maji ya mvua, tia robo kikombe kwenye lita 5 za maji ya baridi. Dakika 10, zisizidi 15, huku unaangalia. Usiku kucha ni kosa hata kwa pamba, kwa sababu kawa likishatoka klorini inaendelea kuula uzi. Suuza mara mbili, kisha weka vijiko vitatu vya ile peroksaidi ya asilimia 3 kwenye maji ya mwisho, inaimaliza klorini iliyobaki. Kwenye hariri na sufi jiki isikanyage, inaziyeyusha; joho na nakshi za hariri zimo humo. Na tetroni zenye kawa, nenda na oksijeni, ukubali kwamba baadhi ya vidoa vitabaki.

Kuanika: pamba nyeupe inapenda jua, liache liing'arishe. Tetroni ianike ndani nje, kivulini penye upepo. Inakauka haraka hata hivyo, na jua kali la kila wiki linaimaliza ile dawa ya kung'aza. Kamba iwe ya plastiki au nailoni, na kila mara uipanguse kwa kitambaa kibichi kabla ya kuanika. Pasi ya tetroni iwe ya joto la chini hadi la kati. Kabla ya kupiga pasi, nusa kwapa. Kama pana harufu, mafuta hayajatoka, rudisha nguo majini. Wanga tia siku ya kuvaa, usiweke nguo yenye wanga kabatini, mende na wadudu wa nguo watakushukuru.

Utegemee nini? Ule uliotapakaa kwa sababu ya kutu unarudi vizuri sana, mara nyingi kwa kuroweka mara moja au mbili kwenye unga wa ndimu. Shingo na kwapa za miezi sita zinarudi karibu zote. Za miaka miwili, zilizopigwa pasi kila wiki, tarajia nusu hadi robo tatu. Ule wa utomvu ulioshika klorini ndio mbaya, hapo kitambaa chenyewe kimebadilika. Ukifanya mzunguko mzima mara tatu na rangi haisogei, usiendelee kuadhibu nguo. Kabla hujaanza, shika sehemu iliyo njano kati ya vidole gumba viwili, ivute kwa kadiri. Ikilia au kufunguka, uzi umeshaliwa: oksijeni itaimalizia, na fundi cherehani akibadilisha kipande cha kwapa ataiokoa kwa muda mrefu kuliko dawa yoyote.

Kanzu ya harusi, joho, au yenye nakshi ya hariri usiijaribishie haya nyumbani. Mpelekee dobi, lakini kabla hujamwachia muulize anang'arishia nini na anatumia maji gani. Akikujibu "jiki kidogo tu", chukua kanzu yako. Na kama ule mtihani wa ndoo ulitoa rangi ya chai, peleka chupa ya maji hayo maabara ya maji wapime chuma na ugumu, kwa sababu maji hayo hayo yanaingia kwenye birika, kwenye bomba la bafu na kwenye mashine ya kufulia kama mtainunua. Wakati unasubiri majibu, fungua kifuniko cha tangi utazame chini: kukiwa na tope la rangi ya matofali, safisha hilo kabla ya Alhamisi, kanzu zingoje.